Koki za chini ya trela zikivuja, usikimbilie kununua mpya

Mbukwenyi wadau! Kuna dada wa Manyoni kanitumia meseji, na yeye kapata trela la zamani la wazungu anataka kuanza kuuza supu, ila koki za chini zinavuja na fundi kamwambia anunue zote mpya, sasa anauliza ampe hela? Nikamjibu usimpe hata mia, subiri niandike, maana hili swali mnaniuliza wengi sana mkinikuta mnadani.

Kwa wasionijua, mimi ndo yule mwenye trela jeupe la kulala watu lililotengenezwa Marekani, wenyewe walimaliza mradi wao huku wakaliuza. Kitanda nikatoa nikaweka majiko. Mnada wa Msalato nipo, msimu wa mahindi Kibaigwa nipo, na supu yangu inaisha kabla ya saa nne, wanaonijua wanajua. Wenzetu hawa wanaweka koki za kumwagia maji chini ya bodi kwasababu kwao baridi ikiingia maji yanaganda ndani ya bomba yanalipasua, kwahiyo lazima wayamwage. Dodoma hakuna barafu lakini bado unazihitaji, tanki la lita 150 likijaa ni kilo 150 za maji tu, nani anataka kuvuta mzigo huo kwenye barabara ya vumbi? Iko moja ya tanki lenyewe, na ziko mbili za mabomba, la moto na la baridi, pale chini kabisa maji yanapoishia.

Sasa zangu zilikuwa zinavuja zote. Nakwambia ilifika mahali mbuzi wa mnadani wakizubaa wenyewe wanakuja kunywa chini ya trela langu, watu wanacheka, mimi nahudumia huku nimesimama kwenye tope na maji nimeyanunua kwa hela yangu. Nikaita fundi. Nikamwelekeza ninapoona tone linatokea, akaniambia "dada, wewe kaa pembeni pika, hii kazi ya wanaume". Haya, nikakaa pembeni. Akafunga koki mpya kwenye tanki, ikavuja. Akafunga nyingine ya bei zaidi, ikavuja. Akapaka silikoni shingo nzima ya tanki mpaka ikawa kama keki ya harusi, ikabanduka kabla hatujamaliza safari, kwasababu tanki ni plastiki ileile ya masimtanki na ile haishiki silikoni wala gundi, mtu wa mabomba si anatakiwa ajue hilo? Mwisho akatangaza mbele ya wateja wangu kwamba trela ni bovu, niuze. Hela ya ufundi alichukua yote. Mpaka leo tukipishana Majengo anajifanya anaongea na simu.

Nikaamua kufanya mwenyewe. Nilikausha koki vizuri na kitambaa, nikaifunga karatasi ya chooni sehemu tatu: kwenye meno inapoingia kwenye tanki, kwenye mkono wa kufungulia, na mdomoni maji yanapotokea. Nikalala chini kwenye jamvi nikaangalia ipi inalowa kwanza. Ikalowa ya kwenye meno. Koki haikuwa na tatizo lolote! Na zile mbili za mwanzo nazo zilikuwa nzima, ziko nyumbani kwangu hadi leo.

Kilichokuwa kinatokea nilielezwa na mzee mmoja anayetengeneza mipira ya haidroliki ya matrekta, Mungu ampe maisha marefu. Meno ya Wamarekani yamekatwa kwa pembe ya nyuzi 60, haya ya madukani kwetu yanafuata ya Kiingereza, pembe ya nyuzi 55. Kwenye saizi ya nusu inchi yote yana meno 14 kwa inchi, ndo maana koki inashika, inazunguka, unaona imeingia, afu inakaza ghafla na maji yanapita katikati ya meno. Unazidi kukaza, unapasua shingo ya tanki, hapo sasa umeingia hasara ya kweli. Akanipeleka kwa mtu wa kukereza vyuma tukatoa nipo ya shaba, kile kipande kifupi cha kuunganishia, upande mmoja meno ya kwao, upande mwingine ya kwetu. Nikazungusha tepu nyeupe kufuata uelekeo wa kukazia, nikafunga kwa mkono, nikamalizia na spana kidogo tu. Na koki ya shaba ni nzito, ukiiacha ining'inie kwenye plastiki mtikisiko wa barabara utaivunja shingo, kwahiyo nikaifunga na klempu kwenye chasisi. Hata tone. Nenda kaangalie mwenyewe Msalato.

Zile mbili za mabomba zilikuwa na ugonjwa mwingine, zenyewe zinadondosha mdomoni hata ukifunga. Hiyo ni chumvi. Maji yetu ya visima mnayajua, angalieni birika zenu. Nililoweka kwenye siki usiku kucha, nikafungua na kufunga mara nyingi, moja ikapona, nyingine mchanga ulishaikwangua ndani nikabadilisha. Kujua kama tatizo liko kwenye tanki au kwenye mabomba, funga bomba zote za kuchotea uwashe pampu: ikijiwasha yenyewe mara kwa mara na hakuna aliyefungua maji, basi presha inatoka huko kwenye mabomba. Ikikaa kimya huku tanki linapungua, anza na koki ya tanki.

Dada zangu, wewe ndo unalala unawaza hilo trela, fundi akishapokea hela anawaza lingine. Lala chini uangalie. Fundi akikwambia kaa pembeni, usikae, simama hapohapo umuulize maji yanatokea wapi, asipoweza kukuonyesha kwa kidole hajui anachofanya, na usione aibu kumwambia aondoke. Usikaze sana. Angalia kwanza, nunua baadae. Na ukienda dukani nenda na kipande cha zamani mkononi, usiende kuelezea kwa mdomo.

Kuna mwingine ataniuliza kile kizibo cha tanki la maji ya moto, kile nacho huwa kinavuja. Kinaondoka kwa spana, lakini zima moto, acha maji yapoe kabisa, zima pampu na ufungue bomba la moto presha itoke, ndo uguse. Ukikifungua kikiwa na presha kinaruka na maji ya moto yanakuja usoni.