Noah yangu itafika Oldupai?

SWALI: Shikamoo mzee. Watoto wangu wawili wamesoma shuleni habari za Zinjanthropus, lile fuvu la kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu lililopatikana bonde la Oldupai, sasa hawanipi nafasi ya kupumua. Nataka likizo ya Aprili tuingie lango la Ndabaka, tukate Serengeti hadi Oldupai na kurudi Mwanza siku hiyohiyo. Gari ni Noah. Tutafika?
Baba wa wawili, Igoma

JIBU: Marahaba mwanangu. Watoto wakishauliza hivyo, wapeleke. Ila si Aprili, na si kwa siku moja.

Ukiiacha lami pale Ndabaka unakanyaga udongo wa mbuga, ule mweusi tunaoujua Usukumani. Mvua ikinyesha unanata hadi kashata za tairi hazionekani. Mimi nililala humo mwezi wa Machi, karibu na mto Grumeti, tena na foo-wili. Tulivutwa na lori asubuhi. Subiri Juni au Julai. Juni nyumbu nao huwa upande huo wa magharibi, watoto watafurahi.

Hadi Seronera, katikati ya hifadhi, hesabu saa tatu au nne, kwani mwendo ni kilomita 50 kwa saa. Laleni hapo. Kesho yake, kupita lango la Naabi, barabara imejikunja kama bati la migongo na mawe yake ni makali. Noah iko chini mno, mwanangu. Itakula shokapu na kuburuza tumbo. Kodi gari lililoinuka, lenye spea mbili, na ukague jeki mwenyewe kabla ya kuondoka. Unaingia maeneo ya mamlaka mbili, kwa hiyo lipia Serengeti na Ngorongoro pia.

Oldupai msiishie makumbusho. Simameni ukingoni muwaonyeshe watoto matabaka ya udongo, hasa lile jekundu. Humo bondeni mtafiti Mary Leakey aliliona fuvu lile tarehe 17 Julai 1959, la miaka kama milioni 1.75. Waambie mapema kwamba fuvu lenyewe liko Dar es Salaam, na nyayo za Laetoli, alama za miguu ya viumbe wa kale waliotembea wima miaka milioni 3.6 iliyopita, zimefukiwa ili zisiharibike. Makumbusho kuna nakala yake. Mjukuu wangu alipima mguu wake kando ya nakala ile akanyamaza, na njia nzima hadi Naabi aliuliza walikuwa wanakwenda wapi.

Ondokeni Oldupai kabla ya saa nane mchana, giza lisiwakute barabarani.