Wajerumani hawana mbuni hata mmoja, mbona wanauza kahawa?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Nina mashine ya kukoboa kiboko (kahawa iliyokaushwa na ganda lake) hapa Masaka, Uganda. Naambiwa Ujerumani inauzia nchi nyingine kahawa ilhali hailimi. Je, ni ushuru unaotuzuia sisi kukaanga na kupeleka huko?

JIBU: Ushuru haumo, ndugu yangu. Umoja wa Ulaya una ushuru wa asilimia 7.5 kwa kahawa iliyokaangwa, na buni, yaani kahawa isiyokaangwa, huingia bure. Lakini Uganda imo katika kundi la nchi zenye maendeleo duni, kwa hiyo zote mbili hatutozwi. Ipo kodi ya Kijerumani, yuro 2.19 kwa kilo ya kahawa iliyokaangwa, ila hata aliyekaangia Hamburg huilipa.

Kinachotubana ni siku. Buni iliyokauka hadi unyevu wa asilimia 12 hivi hukaa ghalani miezi na miezi. Ikishapita motoni, hutoa gesi, mafuta yake yanakutana na hewa, na harufu inaanza kuondoka. Ndiyo maana mifuko mizuri ina kile kitundu chenye vali: gesi itoke, hewa isiingie. Sasa hesabu wiki za kutoka Masaka hadi Mombasa, kisha baharini.

Tena yule wa Hamburg hauzi kahawa ya Uganda. Anauza ladha isiyobadilika. Kahawa yetu ya aina ya robusta anaichanganya na ya Vietnam, na aina nyingine, arabika, ya Brazili. Mavuno yakiharibika huku, anageuza vipimo na mnywaji hajui. (Chai yetu nayo ni hivyohivyo: hunadiwa Mombasa, ikachanganywa Uingereza.) Wengine huipitisha robusta kwenye mvuke kwanza kupunguza ukali. Wengine huiondoa kafeini (kile kinachomchangamsha mnywaji), kazi iliyoanza kibiashara Bremen kwa Ludwig Roselius mwanzoni mwa karne ya 20, na hiyo kafeini huuzwa kwa watengeneza vinywaji. Robusta inayo karibu maradufu ya arabika. Hapo ndipo ninapowaonea wivu: hata wanachokitoa kina mnunuzi.

Kwako, mimi ningeanza na hoteli za Kampala, kisha Juba, ambako mzigo hufika ungali na harufu. Ila pima uzito kabla na baada ya moto. Gunia la kilo 60 hurudi na kama kilo 50, na nimeona wengi wakipanga bei bila kuzikumbuka zile 10.