Mti wa mpakani: usinunue kwa kuangalia mche

Mkuu, umesema kiwanja chako cha Nzuguni, hapa Dodoma, ni mita 20 kwa 25, ukuta umeshapanda, na unataka mti wa kivuli upande wa jirani ambaye bado hajajenga. Nakuomba sana, pale usipande fikasi.

Mimi nilipanda mbili Nkuhungu, nusu mita tu kutoka ukutani. Kitaluni zilikuwa zinang'aa, nikaambiwa zinakua haraka. Kweli zilikua. Mwaka wa sita ukuta ulipasuka kuanzia kwenye msingi, na mizizi ikaingia kwenye karo la maji taka la jirani. Mzee yule hakunigombeza. Alinipeleka nyuma ya nyumba yake, akafunua mfuniko, akasema, "Angalia, mwanangu." Niliona aibu kuliko nilivyoumizwa na gharama za kung'oa visiki na kujenga upya.

Huku kwetu mvua ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili hivi. Baada ya hapo ardhi inakauka miezi mingi, na penye unyevu ni kwenye makaro na mabomba yanayovuja. Mizizi inafuata huko huko.

Mwarobaini unavumilia ukame wetu vizuri mno, lakini unaweza kupita mita 15, kwa hiyo uingize ndani angalau mita tano. Mkaratusi kwenye kiwanja cha makazi sahau kabisa. Minyaa ni uzio wa asili, ila utomvu wake ukiingia machoni ni hatari, na wewe una watoto.

Karibu na ukuta mimi sasa nina mikomamanga, mita mbili kutoka mpakani. Ni miti midogo, haisumbui, na matunda tunakula. Kivuli chake si kikubwa, hilo nakiri. Cha kupumzikia kinatoka kwenye mwarobaini wa katikati ya uwanja.

Chimba shimo Novemba, sentimita 60 kila upande, changanya samadi iliyooza, kisha panda mvua ikishalowesha ardhi. Majani makavu ya kutandazia yasiguse shina, mchwa watakumalizia mche. Kiangazi cha kwanza fukia chupa ya maji yenye tundu dogo karibu na mizizi.

Bikoni, ile alama ya mpaka wa kiwanja, iache wazi. Na kabla hujachimba, mtafute mwenye kile kiwanja umuulize karo lake atalichimba upande gani.