Jibu: Kuku wa nyama hawachomwi homoni

Ndugu yangu wa Tabora, umeuliza kama kuku wa nyama wanaouzwa wakiwa na wiki 5 au 6 huchomwa homoni. Hapana. Homoni ya ukuaji kuku huitengeneza mwenyewe, kwenye tezi ndogo chini ya ubongo, na huitoa kwa vipindi: nyingi akiwa mdogo, kisha hupungua anapokomaa. Ni protini, kwa hiyo ukiichanganya kwenye chakula itameng'enywa tumboni tu. Tena kuna kuku vibete wa kurithi wenye homoni hiyo tele kwenye damu, lakini mwili hauipokei, hubaki wadogo! Kinachokuza ni mbegu (aina ya kuku), chakula na joto. Hapa Ujiji mimi jiko la mkaa la kuwapa vifaranga joto silizimi wiki yao ya kwanza.