Gereji ya Wasomaji: Injini ya 4A ya skrapa itamaliza mbio za saa sita?

SWALI: Salaam aleikum fundi. Sisi ni vijana watano wa Barani hapa Malindi, tumekuwa tukifuatilia zile mbio za Marekani za magari ya kutupa, 24 Hours of Lemons, na wazimu umetupanda tunataka kutengeneza yetu. Bodi tunayo, Corolla AE101 iliyolala chini ya mwembe kwa ami yangu, injini yake ilikufa kitambo. Sasa tumepata injini ya 4A-FE kwa jamaa wa vyuma chakavu njia ya Gongoni, inazunguka kwa spana lakini imekaa nje na mvua zake na jua lake. Fundi mmoja atwambia tutie ringi mpya za pistoni na hedi gasketi tuwashe tu, mwingine asema kwanza tuipandishe nguvu, tukate hedi, tutie ekzosti kubwa. Sisi twataka iende saa sita bila kusimama, na pesa ni kidogo wallahi. Tuanzie wapi? (S., Barani)

JIBU: Waaleikum salaam S. na wenzako. Huyo wa kupandisha nguvu mpeni chai alafu aende zake. Hizo mbio alizianzisha Jay Lamm kule California mwaka wa 2006, na sharti kubwa ni gari isipite dola 500, yaani kama 65,000 za kwetu saa hizi, bila kuhesabu vitu vya usalama kama roli keji (vyuma vya kumlinda dereva gari ikipinduka), kiti, mishipi, breki na tairi, na ukizidisha bei unakatwa raundi moja kwa kila dola kumi. Sasa waangalieni vizuri wanaomaliza mbele pale, aghalabu si wenye mbio, ni wale ambao boneti yao haikufunguliwa. Mwenye kasi akisimama nusu saa kutafuta kinachogonga ashapitwa na kila mtu. Kwa hivyo nguvu sahauni. 4A-FE ina sisii 1587, valvu 16, farasi mia na kitu, zinawatosha kabisa, bloku yake ni chuma kwa hivyo silinda zikiwa mbovu zaweza kukatwa upya, na taimingi belti ikikatika valvu hazigongani na pistoni, hiyo peke yake mimi naipendea. Pesa zote ziende kwa metali (zile beringi za krankishafti, shafti kuu ya injini), oili na maji.

Kabla hamjalipa itisheni risiti na muandike namba ya injini. Skrapa ina sheria yake tangu 2015, na mwakumbuka Januari 2022 serikali iliifunga biashara yote hadi Mei baada ya watu kung'oa vyuma vya nguzo za stima, sasa injini isiyo na karatasi ni kesi inayomngoja mwenyewe. Na kama hiyo Corolla itarudi barabarani siku moja basi namba mpya ya injini ipelekwe NTSA, wale wa usajili wa magari.

Haya, injini ishafika nyumbani. Mwasema inazunguka kwa spana, hiyo haina maana kubwa, manake injini ikilala daima kuna silinda ambazo valvu zimebaki wazi na hewa ya huko Gongoni kwenye mashamba ya chumvi inaingia moja kwa moja. Toeni hedi mtaona, silinda mbili safi na mbili zina duara ya kutu pale ringi zilipokuwa zimesimama. Kutu nyepesi inayotoka kwa honi, yale mawe ya kusugulia silinda, haina neno, lakini ukipitisha ukucha na unakwama kwenye shimo hiyo haitoki.

Sasa kupima uchakavu bila vyombo vya bei. Chukua ringi ya juu, itie ndani ya silinda peke yake, isukume kwa kichwa cha pistoni iliyogeuzwa ili ikae sawa, kwanza ipeleke chini kabisa mahali ringi hazifiki, pima mwanya wa ncha zake kwa fila geji (vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya), andika. Alafu ivute juu, kama sentimita moja kutoka mdomoni, pale ndo panapolika sana, pima tena. Toa hesabu ya chini kwa ya juu, gawanya kwa 3.14, hiyo ndo silinda imepanuka. Kwa mfano chini 0.30 juu 0.60, tofauti 0.30, basi imelika kama 0.1 mm. Hapo mimi bado naweza kutia ringi mpya nikihoni vizuri. Ikifika 0.2 mm ringi mpya ni kutupa pesa, itakunywa oili tu, hapo ni kupeleka bloku Mombasa kwa watu wa leithi wakate saizi kubwa na mnunue pistoni za saizi hiyo. Na ule ukingo juu ya silinda mkiuskia kwa ukucha usipoondolewa ringi mpya ya juu itaugonga na kuvunjika. Huyo fundi wa "tutie ringi tuwashe" muulizeni kama alipima hata kitu kimoja.

Chini sasa. Kabla hamjafungua konrodi, zile fimbo za pistoni, zitieni alama, kofia na rodi yake, namba na upande, kwa sababu kila kofia imekatwa pamoja na rodi yake na mkizichanganya shimo si duara tena. Metali zitazameni kwenye jua: rangi ya kijivu iliyolingana ni nzuri, rangi ya shaba ikianza kutokea tabaka la juu lishaisha, mikwaruzo mirefu ni uchafu ulipita na oili. Krankishafti pia ni ukucha, ukikwama ikasuguliwe na mtie metali za anda saizi, yaani za shafti iliyosuguliwa, 0.25 mm kwa kawaida. Wakati wa kufunga nunueni ule uzi wa nta wa kupimia nafasi ya metali, plastigeji, ni bei ndogo, mwakata kipande, mwakiweka juu ya krankishafti kavu, mwafunga kofia kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) bila kuzungusha kitu, mwafungua na kulinganisha upana wake na karatasi inayokuja nayo. Vipimo na namba za toki chukueni kwenye kitabu cha injini hiyo, msichukue kwa mdomo wa mtu, hata mdomo wangu. Metali mpya hata kama za zamani zinapendeza, nawaomba.

Sasa nifike pale injini za mbio zinapokufa. Mwenzenu akiingia kona ndefu kwa nguvu, oili kwenye sampu, lile beseni la oili chini ya injini, inapanda upande mmoja. Kama tairi zinashika hadi msukumo wa pembeni ulingane na uzito wa gari yenyewe, uso wa oili unalala digrii 45, ni kama kuinamisha bilauri ya chai. Ile pua ya kunyonya inabaki hewani, pampu inavuta hewa, na metali zinakaa kavu sekunde mbili tatu kila kona kila raundi. Dereva haoni kitu. Baada ya saa mbili injini inanoki mnalaumu metali mpya kumbe kosa ni sampu. Dawa yake haina gharama: toeni sampu, pima pua ya kunyonya inakaa wapi, mchomelee kuta za bati kuizunguka pande nne zenye vijilango au mashimo chini ya kuingizia oili, iingie kwa urahisi na itoke kwa shida. Hakikisheni kuta haziguzi krankishafti wala hiyo pua, tieni udongo laini juu ya kuta mfunge mfungue muone umebonyea wapi. Ongezeni oili nusu lita juu ya alama. Tieni geji ya presha ya kweli na taa kubwa nyekundu mbele ya macho ya dereva, kipimo cha zamani ni psi 10 kwa kila mizunguko elfu, na mkubaliane taa ikiwaka ni kuzima hapo hapo, si kumaliza raundi.

Alafu silikoni! Mafundi wetu twaipaka kama jam. Ile inayominyika kwa ndani inakatika, inaelea, inaenda kuziba chujio la pua. Mstari mwembamba yatosha.

Maji. Hapo Malindi wengi wanatia maji ya kisima kwa rejeta, na visima vingi vina chumvi, ndani ya bloku panakuwa na magamba na zile plagi za bati ubavuni zinaoza. Zibadilisheni zote mkiwa mmefungua, osheni bloku hadi maji yatoke meupe, na mtie maji ya betri, yale safi yasiyo asidi, na kulanti. Themostati, ile valvu ya joto kwenye njia ya maji, iacheni mahali pake. Najua kila gereji pwani inaitoa eti kwetu ni joto, lakini ikitolewa injini haifiki joto lake mkiwa mwaenda, petroli inazidi, silinda zinaoshwa oili, na joto la mbio halikupungua kwa sababu tatizo lilikuwa rejeta iliyoziba. Hedi iwekeeni rula ya chuma mpitishe fila ya 0.05 mm chini yake, ikipita hedi imepinda, ipelekwe kusawazishwa, kidogo tu, si kukatwa kwa ajili ya nguvu.

Kuwasha: toeni plagi zote, zungusheni kwa stata hadi presha ya oili ipande, ndo mrudishe plagi. Ikiwaka msiiache inasaga sailensa, gari imesimama, saa nzima, ringi zataka mzigo, itembezeni mkipanda na kushuka mizunguko. Mwageni oili ya kwanza mapema, mkate filta kwa msumeno mfungue karatasi yake juani, vumbi jeusi si neno, vipande vinavyong'aa ni kufungua tena. Siku ya mbio dereva abadilishe gia 5,500 badala ya 6,500. Nguvu inayovuta boliti za konrodi inakwenda na mraba wa mizunguko, kwa hivyo hapo mmepunguza zaidi ya robo na kwa saa sita upungufu wa mwendo hata hauonekani.

Mwisho wa swala lenu, roli keji, mishipi, zima moto na kiwanja kilichofungwa, na muwaone Kenya Motor Sports Federation kabla ya kualika watu. Nikisikia mmefanya kule barabara ya Casuarina usiku nitawakataa hadharani.

SWALI: Fundi habari. Nimepata injini ya 1NZ ya Probox iliyoanguka, iko skrapa Watamu, muuzaji hataki niifungue kabla sijanunua. Nitajuaje nzima? (Dada wa matatu, Watamu)

JIBU: Dada yangu, nenda na betri, waya za jampa na geji ya kompresheni. Fungua kifuniko cha oili kwanza, ukiona kitu kama maziwa maji yameingia, ukiona lami nyeusi oili haikuwa ikibadilishwa na hiyo inaumiza cheni ya taimingi, na 1NZ ni ya cheni. Toa plagi zote, zungusha, pima kila silinda. Namba zikaribiane, hilo ni muhimu kuliko kuwa juu. Kama moja iko chini tia kijiko cha oili kwenye tundu lake upime tena: ikipanda ni ringi, isipopanda ni valvu au gasketi. Kama ni ringi iache, bloku ya 1NZ ni aluminiamu yenye shati nyembamba za chuma, si ya kukatwa upya kama ile ya vijana wa Barani. Na kwa vile gari ilianguka, tazama sampu na puli ya mbele kama zimepigwa. Akikataa hata geji isitiwe, yeye ashajua jibu.

SWALI: Shikamoo. Sisi huku kwetu gari hatuna, ni punda na bahari, lakini injini za kuokoa tunazo. Mashua ilipinduka jana jioni, injini yake Yamaha Enduro 40 imelala chini ya maji ya chumvi usiku kucha, tumeitoa alfajiri iko ufuoni. (Baharia, Matondoni, Lamu)

JIBU: Marahaba. Swala lako ndo la haraka kuliko yote kwa hivyo tulikupigia simu kabla gazeti halijatoka, na haya ndo tuliyokwambia, na wengine wasome. Usivute kamba na plagi ziko ndani, maji hayabanwi, utapinda konrodi. Ndani ya maji ilikuwa salama kuliko ilivyo sasa, hewa ndo inaleta kutu, kama huwezi kuishughulikia saa hiyo hiyo itumbukize kwenye pipa la maji matamu. Ukianza, toa plagi, ilaze matundu yatazame chini, zungusha flaiwili (lile gurudumu la juu la injini) kwa mkono pole pole, na ukiskia mchanga unasaga simama hapo, ni ya kufungua. Ikiwa laini ioshe ndani nje kwa maji matamu, mwaga petroli yote ya tangi na kabureta, pitisha spiriti itoe maji, alafu oili ya tu stroki kwenye kila tundu. Koili na waya zioshwe na zikauke. Plagi mpya, petroli mpya iliyochanganywa oili mara mbili ya kawaida, iwashe ndani ya pipa iende nusu saa au zaidi. Ikikataa kuwaka msiiache hadi kesho, fungueni siku hiyo hiyo, beringi za krankishafti yake ni za rola na chumvi inazianza mapema. Ikishawaka, angalieni na gia boksi ya chini, oili yake ikitoka nyeupe maji yamepita kwa sili.