Mume kapenda ndege, wewe unaboeka? Anzeni nyumbani

Dada, umesema mzee wako kastaafu, siku hizi ni darubini tu, na Desemba anataka mwende Uganda kuona ndege ila wewe unaogopa kuboeka. Pole, mimi nilikuwa hivyohivyo.

Usingoje safari, anzeni hapo uani. Kama mna shubiri inayotoa maua kaeni nayo asubuhi na chai, yule ndege mdogo aitwaye chozi atakuja tu, dume anang'aa kijani kama kapakwa mafuta, jike wa kahawia hata hudhanii ni ndege wa aina moja, mimi hapo ndo nilinaswa.

Halafu nunua darubini YAKO, ya 8x42 (inakuza mara 8, lenzi ya mbele mm 42) inatosha, hii ya kupokezana ndo inaleta ugomvi, akikupa ndege kashaenda zake. Simuni weka app ya ndege ya Merlin, ni bure, inasikiliza sauti inakwambia nani anaimba, japo saa nyingine inakosea.

Uganda mwambie muanze na Mabamba, kinamasi karibu na Entebbe. Mnapanda mtumbwi alfajiri kwenye mafunjo kumtafuta korongo nyangumi, limdomo kama kiatu, linasimama kimyaa likivizia samaki kamongo. Beba sweta, na vitafunio vyako usimgawie.