Miaka 43 na diploma ya ualimu, nianze digrii au nimechelewa?

Dada anza tu, hujachelewa. Kwa mwalimu mwenye vipindi kila siku na watoto wanaosoma mi ningeangalia Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kwanza, hawa wameanza kufundisha tangu 1994 na wanafunzi wao wengi ndo watu wa aina yetu, wana kazi wana familia, na vituo viko mikoani so huachi kazi wala hupangi chumba Dar. Ila sio mteremko, hakuna lekchara wa kukukimbiza, ukijisahau mpaka wiki ya UE (mitihani ya mwisho) unakula sapu, yaani mtihani wa marudio, vizuri tu.

Pesa sasa. Bodi ya mikopo imekuwa ikiweka ukomo wa umri wa miaka 35, kwa hiyo bumu (hela ya mkopo ya kujikimu) sahau, pigia ada hesabu kwenye mshahara wako na kabla hujasaini mkopo wa benki angalia utabaki na shingapi baada ya makato. Ruhusa ya mwajiri omba kwa barua mapema.

Hao vijana unaowaonea aibu utawahitaji, madesa (notsi) na pasti pepa zote wanazo kwenye simu, na wao kwenye kazi ya grupu watakusukumia wewe uandike ripoti yote (utazoea). Kutaipu jifunze kuanzia sasa. Muda wa kusoma chukua saa kumi alfajiri nyumba ikiwa imelala, usiku baada ya kusahihisha madaftari utasinzia tu.

GPA (wastani wa ufaulu) ya diploma ikiwa chini ya 3.0 sema, kuna kozi ya fandesheni ya kukuandaa kuingia digrii palepale Huria.